Nilimpeleka Gerezani Bila Kufika Kwao

Mimi ndiye niliyemfunga.

Hakimu alisoma tu nilichomwandikia.

Siku ile nilisimama mahakamani, sketi imepigwa pasi, faili mkononi, nikasema kwa ile sauti yangu ya kazi: "Mheshimiwa, mshtakiwa amevunja masharti. Naomba mahakama ifute kifungo cha nje na apewe adhabu kamili."

Dogo alikuwa kizimbani. Miaka kumi na tisa. Shati lake lina vitundu vya cheche za kuchomelea, na alikuwa anakohoa, anajizuia, anakohoa tena.

Hakimu akamuuliza kama ana la kusema.

Akanigeukia mimi. Akaniangalia kwa muda, kisha akamjibu hakimu.

"Afisa anajua."

Basi.

Nilipandwa na hasira, sitawaficha. Ninajua nini? Ninajua kwamba nilimtetea akaniaibisha! Ninajua polisi wamemkuta na mali ya wizi wakati jina langu liko kwenye ripoti iliyomtoa!

Miaka mitatu. Nyundo ikagonga, askari wakamshika mkono, na mimi nikarudi ofisini nikanywa chai yangu mpaka ikaisha.

Kabla hamjaanza kunishukia kwenye komenti, naomba mnisubiri nimalize. Mkifika mwisho mnishukie vizuri, nitakuwa nimestahili.

Kwa wasiojua, mimi ni afisa wa probesheni. Tuseme nilikuwa. Kazi yenyewe iko hivi: mtu akishapatikana na hatia, hakimu anaweza kuniagiza nikamchunguze kabla hajamhukumu. Anatoa siku kumi na nne. Naenda kwao, naona anapolala, naongea na mlezi, majirani, na aliyemwajiri kama yupo. Kisha naandika ripoti kwamba huyu afungwe, au abaki nje chini ya uangalizi wangu kwa masharti haya na haya.

Hakimu ana kesi thelathini kwa siku. Hana muda wa kwenda kuchungulia mtu analala wapi. Anachukua neno langu.

Sasa huyu dogo, mtaani walimwita Spana, kwa sababu mkono wake haukosi spana na hakuna kitu hajui kukifungua. Ndicho kilichomponza. Akiwa na miaka kumi na sita alidakwa na simu ya wizi, akaonywa, akaachiwa. Akiwa na kumi na saba akadakwa anafungua vioo vya pembeni vya magari ya watu. Hapo ndipo nilipokutana naye.

Mama yake mzazi alishafariki. Baba yake hajulikani aliko. Alikuwa analelewa na mama yake mkubwa.

Mara ile nilifika kwao. Nyumba ya vyumba viwili, bati limepakwa rangi nyekundu, sakafu imepigwa deki mpaka unaona haya kuingia na viatu. Mama mkubwa alikuwa mjane, mtu wa heshima zake, akanipa kiti na maji ya kunywa.

"Mwanangu huyu hana roho ya wizi," aliniambia. "Ana mikono isiyotulia. Akipata kazi ya mikono atatulia."

Nikaandika ripoti nzuri. Spana akapewa mwaka mmoja wa nje, akaumaliza bila tatizo lolote.

Nusu mwaka baadaye nikasikia yuko mahabusu tena. Kafungua betri ya lori.

Jamani, mara ya tatu! Mara ya tatu hakuna anayetaka kusikia habari zako. Mwendesha mashtaka akasema huyu ameshakuwa sugu, kaonywa, kalelewa, kabembelezwa, sasa aende ndani miaka mitatu na wenzake waone. Hakimu naye, ambaye ni mama mpole kwa kawaida, akaniangalia kwa jicho la kuniuliza nitamwambia nini safari hii.

Lakini mimi nilimpigania huyu dogo. Naomba mlijue hilo, ingawa halinisaidii kitu.

Karibu na ofisi yetu kuna karakana ya kuchomelea mageti. Mwenyewe tunamwita Fundi tu, ni baba mmoja mkali, asiyependa maneno mengi. Nilikwenda kumhoji. Akaniambia Spana alikuwa anakuja kushinda pale kabla hajakamatwa, anashika hiki, anauliza kile, na mkono wake una akili. Yuko tayari kumfundisha kazi. Akasema hata chumba cha nyuma kipo, dogo anaweza kulala humo akamwangalizia mashine.

Nikaandika yote hayo kwenye ripoti isipokuwa chumba. Fomu yetu inataka mlezi wa familia, na chumba cha nyuma cha karakana hakina familia.

Sasa njooni kwenye dhambi yangu.

Wiki ile nilikuwa na ripoti kumi na moja. Gari la ofisi lilikuwa gereji, huo ulikuwa mwezi wake wa nne humo. Kwenda kwa kina Spana ni mabasi mawili, halafu mguu wa nusu saa kwenye tope, na mvua ilikuwa haikatiki. Ripoti inatakiwa Alhamisi asubuhi.

Jumatano nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua ripoti yake ya zamani. Sehemu ya nne, Hali ya Nyumbani. Nikaisoma. Nyumba ya vyumba viwili, eneo tulivu, mlezi ni mama mkubwa, mjane mwenye maadili, yuko tayari kumpokea.

Nikajiambia nyumba haina miguu. Nitaenda kuona nini kipya?

Nikakopi.

Nikapesti.

Nikabadilisha umri tu, kumi na saba ikawa kumi na tisa.

Wenzangu wa kazi hii mnaosoma hapa, msijifanye mmeshtuka. Ofisini kwetu tulikuwa tunaita kuhuisha. "Umeshamhuisha yule?" "Bado, namhuisha saa hizi." Tunacheka, tunagonga mihuri, tunaenda nyumbani.

Siku ya hukumu hakimu akaisoma ripoti yangu kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika sehemu ya nne akainua macho.

"Umesikia? Utakaa kwa mama yako mkubwa. Afisa anasema yuko tayari kukupokea. Ni kweli?"

Spana akanigeukia. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, mdomo umefunguka kidogo, kama anataka kuniuliza kitu kutoka kule kizimbani.

Halafu akasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

Akapewa mwaka mmoja na nusu wa nje. Masharti yalikuwa matatu. Alale kwenye nyumba ile kila siku, asihame bila kibali changu. Afanye kazi kwa Fundi. Aripoti kwangu kila Jumatatu. Akivunja lolote, miaka mitatu inamsubiri.

Tulipotoka nje alinifuata mpaka kwenye ngazi.

"Afisa, ulichonifanyia leo sitakisahau."

"Usiniangushe tu."

"Siwezi kukuangusha," akasema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Nikajiona mtu! Nikarudi nyumbani nimenyooka, nikamsimulia mume wangu jinsi nilivyookoa mtoto wa watu.

Jumatatu ya kwanza akaja, saa mbili kamili. Ya pili hivyohivyo. Fundi akanipigia simu mwenyewe kunipa pongezi, mtu ambaye kusema asante kwake ni kazi. Kila kitu kilikuwa kinaenda.

Wiki ya tatu dogo akaanza, kwa akili yangu ya wakati ule, kunizingua.

"Afisa, naomba nihamie karakana. Nilale pale."

"Kwa nini?"

"Fundi amekubali."

"Sijauliza Fundi. Nakuuliza wewe, kwa nini?"

Akatazama kulia na kushoto. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye meza nne, mtu akipiga chafya mwenzake anajifuta. Akasema basi tu, ni karibu na kazi.

Nikamwona mjanja. Miaka kumi na tatu kwenye hii kazi, vijana wa mara ya tatu nawajua. Wakianza kutaka kuhama kwa mlezi, ujue wanatafuta nafasi ya kurudi kwenye mishe zao. Nikamwambia akihama bila kibali nitampeleka ndani kwa mikono yangu. Kwenye faili nikaandika: "Anaonyesha dalili za kutotulia."

Baada ya wiki mbili akaomba tena. Safari hii alikuwa na kikohozi na macho mekundu. Nikamwambia aende zahanati.

Mara ya tatu hakuomba kuhama. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini:

"Afisa, kwani kule nyumbani hutakuja kabisa?"

"Nitakuja siku usiyoitegemea," nikamjibu.

Akatabasamu, kama mtu aliyetaniwa na mkubwa wake. Akasaini daftari, akaondoka zake kazini.

Mwezi wa nne wa kifungo chake, Jumamosi asubuhi, nikapigiwa simu na kituo cha polisi. Wamevamia nyumba ile alfajiri. Sebuleni wamekuta betri kumi na nne za magari na vioo vya pembeni mpaka vingine viko chini ya kochi. Mtu mmoja karuka dirisha la nyuma, hakupatikana. Aliyedakwa ni Spana. Kakutwa mlangoni, wakaniambia, analinda.

Nikauliza kama mama mkubwa alikuwepo. Wakasema hapakuwa na mama yeyote. Nikajua amesafiri, na huyu mshenzi ametumia nafasi.

Nilijiona nimesalitiwa, jamani. Nilijiona mjinga mbele ya hakimu, mbele ya mwendesha mashtaka, mbele ya mkuu wangu wa kazi. Sikwenda hata mahabusu kumsikiliza. Nilikaa nikaandika ombi la kumfutia kifungo cha nje kwa mkupuo mmoja, na lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Nikaweka na neno hilo la polisi, kwamba alikutwa mlangoni akilinda mali ya wizi.

Mengine mnayajua. Miaka mitatu. "Afisa anajua." Chai.

Siku nne baadaye mkuu wangu akanirudishia faili.

"Hujalifunga vizuri hili," akasema. "Sahihi ya mlezi haipo."

Ndiyo utaratibu. Mtu akitoka mikononi mwetu, mlezi wake anasaini fomu ya kufunga faili kwamba amearifiwa. Nikaguna, nikachukua begi. Safari ambayo sikuifanya kuamua maisha ya mtu, nikaifanya kutafuta sahihi.

Nikapanda mabasi mawili, nikatembea nusu saa. Mvua ilikuwa imekwisha, njia ni kavu.

Bati halikuwa na rangi tena. Kioo cha dirisha la mbele kilikuwa kimezibwa kwa kipande cha boksi. Mlango umefungwa kwa waya na polisi. Nikapiga hodi, nikapiga tena, mpaka mama mmoja wa nyumba ya pili, anayefulia watu nguo, akaniita kutoka kwenye beseni lake.

"Dada, unamtafuta nani humo?"

Nikamwambia namtafuta mama mwenye nyumba, mama mkubwa wake Spana.

Akanyanyuka, akajifuta mapovu kwenye kanga.

"Huyo si alipigwa na kiharusi? Binti yake alikuja akambeba. Yuko mkoa mwingine huko, hata kusema hawezi. Ni mwaka sasa na zaidi."

Mwaka na zaidi.

Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama pale. Alipougua, Spana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kile kifungo chake cha kwanza cha nje. Kabla ya betri ya lori. Kabla ya ripoti yangu.

"Sasa nani alikuwa anakaa humu?"

"Mwanawe wa kiume. Yule Mdosi." Akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Alikuja mama yake alipoondoka. Huyo ndiye mwenye hayo mabetri, dada, mtaa mzima unajua. Ndiye aliyekuwa anawatuma hawa watoto. Na huyo Spana alimtuma mpaka akadakwa."

Nikakaa kwenye kizingiti.

Mnaelewa nilichofanya? Mtu aliyekuwa anamtuma dogo kuiba, mimi nilimwandikia dogo, kwa amri ya mahakama, akalale nyumbani kwake! Na nikamwambia akitoka humo nitamfunga.

Yule mama akaniambia nimekaa palepale alipokuwa analala.

"Nani?"

"Si huyo Spana. Alipotoka mahakamani Mdosi alimwambia anayelala ndani anafanya kazi. Dogo akakataa. Akasema yeye sasa ni fundi. Basi akafungiwa mlango. Miezi yote mitatu na kitu amelala hapo, kwenye boksi, mvua ikimpiga, ikikatika, ikimpiga. Mimi nilimpa gunia la kujifunika."

Nikamuuliza kwa nini hakwenda kulala karakana.

"Tulimwambia! Mume wangu alimwambia, toka hapo utakufa kifua. Akasema afisa wake ameandika alale hapa, na akionekana kwingine atamponza."

"Atamponza nani?"

"Huyo afisa wake," akasema yule mama, kisha akaniangalia begi, akaniangalia viatu. Alirudi kwenye beseni lake na hakunisemesha tena.

Kwa hiyo polisi walipokuja alfajiri wakamkuta mlangoni. Walimkuta amelala mlangoni, jamani. Hakukimbia kwa sababu hakuwa na sababu ya kukimbia. Wao wakaandika analinda, na mimi nikalisoma neno hilo mbele ya hakimu.

Kesho yake nikaenda gerezani.

Wamemnyoa, sare imemzidi mabega. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima lakini nilipomwona yote yakapotea, nikabaki nalia mbele ya askari magereza.

"Shikamoo, afisa," akasema.

Badala ya kuitikia, nikamuuliza:

"Kwa nini hukuniambia mama mkubwa hayupo?"

Akashangaa. Alishangaa kweli, niliona usoni mwake.

"Si ulikuwa unajua?"

"Nilijuaje?"

"Uliandika kwenye ripoti kwamba yuko tayari kunipokea. Mimi najua haongei, hata mkono hauinuki. Nikasema moyoni, afisa ameamua kudanganya ili nisifungwe." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Hakimu aliponiuliza ni kweli, ningesema nini? Ningesema hapana, wewe ungefukuzwa kazi na mimi ningefungwa."

Sasa mnaelewa ile "Afisa anajua"? Kumbe alikuwa ananiachia mimi nafasi. Alidhani nitasimama niseme. Na nilipokaa kimya, akadhani nina sababu zangu, akameza maneno yake akaenda ndani.

Mtu wa kwanza maishani mwake aliyemwona kama amejitoa kwa ajili yake ni mimi, na mimi nilikuwa nimekwepa tope.

"Sikujua," nikamwambia. "Sikufika. Nilinakili ile ya zamani."

Hapo ndipo alipobadilika. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Alitazama meza, halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo hukunidanganyia?"

"Hapana."

"Ulikuwa umechoka tu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasimama, akamwambia askari amemaliza, akarudi ndani kabla ya muda kwisha.

Mkuu wangu nilipomweleza alifunga mlango kwanza. Akaniambia faili limefungwa, sahihi tutasema mlezi hakupatikana, na kwamba nikifungua mdomo wangu kila kesi niliyowahi kuandika itafukuliwa. Akanikumbusha nina watoto wanasoma. Alisema kwa upole, kama mtu anayenitakia mema.

Nilikaa kimya siku kumi na tisa. Nataka mlijue na hilo. Siku kumi na tisa dogo analala sakafuni na kifua chake, mimi nalala kitandani natafuta ujasiri.

Siku ya ishirini nikaenda kwa hakimu nikaapa kwa maandishi kwamba ripoti yangu ilikuwa ya uongo. Jioni ile nikasimamishwa kazi, na mwisho wa mwezi uliofuata nikafukuzwa. Wenzangu wa meza nne hawapokei simu zangu. Sawa.

Faili likapanda mahakama ya juu, likakaa, likashuka. Ilichukua miezi saba. Uamuzi ukawa kwamba hukumu ifutwe, iandikwe ripoti mpya, safari hii mtu afike.

Afisa mpya alikuwa binti mdogo, ana mwaka mmoja kazini. Alifika kila mahali. Akaenda kwa Fundi. Fundi akamwambia polisi walimpekulia karakana mara mbili kwa ajili ya kesi hii, ana familia, chumba cha nyuma kina mtu mwingine sasa. Akampigia simu binti wa mama mkubwa, akaambiwa huko hawana nafasi ya mgonjwa wa pili. Maana Spana alikuwa ameshaanza dawa za kifua kikuu.

Ripoti ya kweli ikawa hivyo: hana mlezi, hana makazi, hana kazi. Ile ya uongo ilimtoa, hii ya kweli ilikuwa inamrudisha ndani.

Nikaongea na mume wangu. Alilifikiria siku mbili, kisha akasema chumba cha wageni kipo. Nikampigia yule binti.

"Niandike mimi," nikamwambia. "Atakaa kwangu."

Akaja kunikagua. Alikaa saa mbili. Aliangalia kitanda, alifungua dirisha, aliuliza choo kiko wapi, aliwahoji majirani kunihusu mimi. Nilimpa kiti na maji ya kunywa, hakunywa. Alipoondoka nikaenda dukani kununua shuka.

Siku ya kesi nikakaa benchi la mbele. Spana aliletwa amekonda, lakini amesimama wima. Hakimu ni yuleyule mama. Akasoma ripoti mpya yote, taratibu, kisha akavua miwani.

"Huyu mama anasema atakupokea nyumbani kwake. Afisa amekwenda ameona. Unakubali kukaa huko?"

Alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, nikatabasamu, nikajitahidi aone kwamba safari hii ni kweli.

"Hapana, mheshimiwa."

Hakimu akamwambia afikirie vizuri, akikataa hana pengine pa kumpeleka isipokuwa gerezani.

"Nimefikiria. Naomba nimalize kifungo changu. Siku nikitoka, nitoke bila kuandikwa kwa mtu yeyote."

Hakimu akajaribu tena, na yule binti akaomba dakika tano akaongea naye pembeni. Jibu halikubadilika. Hakimu akampunguzia mwaka mzima, kwa sababu ya ugonjwa na kwa sababu yangu, akasema hivyo mbele ya watu wote, kwa sababu yangu. Askari wakamshika mkono. Alipita karibu na benchi langu, ningeweza kumgusa, lakini hakugeuka.

Zile shuka bado ziko kwenye mfuko wa dukani. Gerezani naenda kila mwezi. Sabuni na maziwa anapokea, ila kutoka kuonana na mimi hatoki.

Najua wengine mtaandika hapa chini kwamba mwizi wa mara ya tatu ni mwizi tu, afungwe. Nami nilikuwa nasema hivyohivyo, tena kwa muhuri. Ila kabla hujaandika, uliza mahakama ilimrudisha kwa nani, na nani alikwenda kuangalia. Dogo huyu alikuwa ameshaacha wizi. Alitii amri ya mahakama kuliko mimi niliyekuwa nalipwa kuisimamia.

Na ninyi wenzangu ambao bado mna kazi. Kama una ripoti ya kesho asubuhi na hujafika kwa mtu, usiihuishe. Simama mbele ya hakimu umwambie hujafika, uombe siku zaidi. Atakufokea, utaona aibu, watu watakucheka, halafu utapanda basi uende.